Kila wiki ana mfungo mpya: jibu kwa mama wa Leicester

Swali

Mimi ni Mgujarati, mzaliwa wa Mombasa, niliolewa Leicester miaka 22 iliyopita. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kigujarati changu hakina jina la maradhi haya ya kukataa kula, na Kiingereza nikikitumia naona kama nimekwenda kumshtaki mwanangu. Binti yangu wa pili ana miaka 17. Mwaka jana alianza kufunga Jumatatu, ikaja Ekadashi, mfungo wetu Wahindu wa mara mbili kwa mwezi, ikaja Gauri Vrat ya wasichana, siku tano bila chumvi. Ba, yaani mama mkwe wangu, akafurahi kwamba mjukuu ameshika dini. Baadaye binti akaacha maziwa na samli, akasema anawaonea ng'ombe huruma. Baba mkwe ana sukari, kwa hiyo nyumba nzima tumezoea kuhesabu wanga, na sikushtuka alipoacha wali. Shangazi zake wakawa wanamsifu kwa wembamba. Hedhi imekatika miezi minne. Mwezi uliopita alizimia harusini katikati ya garba, ngoma yetu ya kuzunguka. Sasa tumepelekwa kliniki ya matatizo ya ulaji, wamesema ni anoreksia, na kwamba sisi wazazi ndio tusimamie kila mlo. Ba, aliyetoka Jinja mwaka 1972, anasema mtoto ametupiwa jicho, na kwamba kukataa chakula ni maradhi ya Wazungu. Mume wangu anasema tufunge midomo kwa sababu binti mkubwa ana mazungumzo ya posa. Navratri, sikukuu yetu ya siku tisa, inakuja. Nimruhusu afunge? Nimlisheje, na karatasi ya kliniki imejaa pasta na sandwichi? Watu niwaambie nini? Na hili dogo: Ba anataka amfundishe kusukuma rotli, chapati zetu nyembamba, ili arudishe mapenzi ya chakula. Nikubali?

Jibu

Dada, naanza na Navratri kwa kuwa ndiyo iliyo mlangoni: hapana, mwaka huu asifunge. Asifunge siku tisa, asifunge siku moja, asifunge hata ule mfungo mwepesi wa farali, unaoruhusu vyakula fulani. Watu watakuambia, "Ana viazi, ana sabudana, ana karanga, huo nao ni mfungo?" Ni kweli, sahani ya farali mara nyingi ina mafuta kuliko chakula cha kila siku. Lakini maradhi haya hayatazami kilichomo sahanini. Yanatafuta ruhusa, na katika nyumba yenu hakuna ruhusa inayoheshimiwa kama neno "nimefunga". Ukimpa hiyo, siku ya kumi hataishia hapo.

Mwili usiolishwa hubana matumizi kama mwenye nyumba aliyeishiwa. Hupunguza mapigo ya moyo, hushusha presha na joto, hufunga habari ya hedhi, ili kidogo kilichobaki kiwahi ubongo na moyo. Msichana aliyezimia akicheza tayari yuko hapo. Na dini yenyewe haimdai: mgonjwa, mjamzito, mtoto na mzee husamehewa. Awashe taa, aimbe, aandae sahani ya aarti, ile ya taa za ibada, pamoja na bibi yake, ale prasad, chakula kilichobarikiwa, kama wenzake. Garba waachie kliniki waamue, maana ni kucheza saa nyingi, usiku baada ya usiku. Watampima mapigo na presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, watachukua kipimo cha umeme wa moyo na damu, ndipo waseme. Wakikataa, kukaa na waimbaji si adhabu.

Nimekuwa mtaalamu wa lishe wa hospitali kwa miaka mingi, na jambo moja nimelizoea kuhusu maradhi haya: hujifunza lugha ya nyumba yanamoingia. Kwa jirani yako Mwingereza yangezungumza kwa saladi na mazoezi ya viungo, na mama yake angeshtuka mapema. Kwenu yamesema Ekadashi, yamesema huruma kwa ng'ombe, yamesema sukari ya babu. Kila neno hapo ni jema, ndiyo maana hakuna aliyegutuka. Katika nyumba za Waislamu nimeyasikia yakisema "nalipa deni la Ramadhani", yakamaliza deni, yakaingia Sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi, mpaka mama ajiulize deni gani hili lisilokwisha. Kwa Wajaini huja na Paryushan, siku zao za mfungo. Kwa Masingasinga, ambao dini yao haihimizi kufunga, nimeyaona yamejificha kwenye langar, jiko la hekalu linalolisha watu bure: binti anawahudumia mia mbili na yeye hajagusa kitu.

Kwa hiyo usijilaumu kwa kutojua. Ila kuanzia sasa una kipimo. Anayefunga kwa ibada hufurahi mfungo unapokwisha. Gauri Vrat ina siku yake ya mwisho, wasichana wanakesha, wanacheka, kisha chumvi inarudi mdomoni. Je, binti yako siku ya sita aliirudia chumvi kwa hamu, au alitafuta sababu nyingine? Anayeumwa huuogopa mlo wa kufungulia kuliko njaa yenyewe. Na ukimwambia asifunge, mwenye ibada atasikitika. Mgonjwa atapata kiwewe, atalia, atakuita adui wa dini. Akikuita hivyo, kumbuka ni nani anayesema.

Haya ya kwamba ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 1988 watafiti wawili, David Mumford na Andrew Whitehouse, walichapisha uchunguzi wao wa wasichana wa shule mjini Bradford, mji wenye Wapakistani wengi, na wakaona bulimia, maradhi ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha, ni nyingi zaidi kwa wasichana wenye asili ya Asia Kusini kuliko kwa Wazungu wa shule zile zile. Baadaye walipotazama ni wasichana gani hasa, hawakuwa wale walioiga Uingereza. Walielekea kuwa wale wa nyumba zilizoshika mila zaidi. Hapo hapo kwenu Leicester, ulinganisho uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Waasia Kusini wanaofika kliniki ya matatizo ya ulaji ni wachache mno ukilinganisha na idadi yao mjini. Watafiti waliporudi kuwauliza wanajamii na wahudumu sababu, majibu yalikuwa yale unayoyajua: jambo lenyewe halifahamiki, watu wanaogopa habari kuvuja, na baadhi ya madaktari hawalitegemei kwa msichana wa Kihindi. Bahati yako, daktari wako alilitegemea.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa, nayo ni tumbo. Vitabu vya daktari vimejaa msichana anayesema "mimi mnene". Wengi wa wasichana wenu hawasemi hivyo kamwe. Wanasema gesi, asidi, tumbo limejaa, chakula kinakaa hapa kifuani. Madaktari wa Delhi waliwaelezea wagonjwa wa namna hii mwaka 1995: wamekonda kupita kiasi, hawali, na hofu ya unene hawaitaji. Basi mtoto hupewa dawa ya tumbo, akapelekwa kwa mtaalamu wa matumbo, akaambiwa aache ngano, akaambiwa aache maziwa, na kila katazo likawa zawadi kwa maradhi. Binti yako akisema tumbo limejaa baada ya vijiko vitano usimwite mwongo. Tumbo lililokaa na njaa hulegea, chakula hukaa humo muda mrefu kuliko kawaida. Dawa yake ni kula kwa saa, kidogo kidogo lakini bila kuruka, mpaka likumbuke kazi yake.

Nani alisababisha? Si wewe. Jeni zina mchango mkubwa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulikuta sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na anoreksia, na baadhi zinaonekana kugusa namna mwili unavyotumia chakula, wala si mawazo peke yake. Kisha njaa yenyewe huukoroga ubongo. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume, wazima wa mwili na akili, kwa miezi sita. Wakaanza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukatakata mkate vipande vidogo na kukaa nao saa nzima, kununa, kuhisi baridi, kujitenga. Hawa hawakuwa na anoreksia. Walikuwa na njaa tu. Ndiyo maana binti aliyekuwa mcheshi sasa anakufokea kwa sababu ya kijiko cha samli. Huwezi kumshauri akaacha. Lishe itatangulia, akili itafuata nyuma, tena polepole.

Na hapa ndipo kliniki wanapokuambia wazazi mshike mlo. Akina mama wengi hudhani wanasukumiwa mzigo. Tiba hii ilianzia hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980, na ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa vijana wenye anoreksia Uingereza hivi sasa. Nitasema wazi: naiona inafaa nyumba za Kihindi kuliko nyumba nyingi za Kiingereza nilizozijua. Waingereza huwa na kazi ya kuifufua kwanza ile desturi ya kukaa mezani pamoja. Kwenu bado mtu akiingia mlangoni anasikia "jamva chalo", njoo tule, kabla hajavua kiatu. Mnayo meza, mna watu wazima watatu au wanne wa kupokezana, mna chakula kinachopikwa mara mbili kwa siku.

Karatasi ya pasta irudishe. Ichukue kwenye miadi ijayo, umwambie mtaalamu wa lishe akuandikie mpango huo huo kwa rotli, dal ya dengu, bhaat yaani wali, na shaak ya mboga. Beba na ile vatki, bakuli dogo mnalopimia dal, na kijiko cha samli, aviweke mkononi, maana "bakuli moja" la kitabuni na vatki yako si kitu kimoja. Thali kamili, yaani sahani nzima ya Kigujarati, ni chakula cha kuponea, mradi iwe kamili. Maradhi yatataka rotli kavu, dal iliyochujwa iwe maji ya manjano, shaak iliyopikwa bila mafuta, na kachumbari ijaze sahani. Wewe paka samli pande zote. Khichdi ya wali na dengu iwe na samli juu na mtindi wa maziwa yasiyopunguzwa mafuta pembeni. Kati ya milo weka thepla, zile chapati za viungo, korosho, karanga, jibini ya paneer, lassi nzito ya mtindi, dudhpak ya maziwa akiweza. Kwa kawaida huwa ni milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, lakini kiasi na kasi ya kuongeza afuate kliniki. Hili silisemi kwa adabu tu: aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa ghafla, chumvi za damu, hasa fosfati, zaweza kushuka na kumdhuru moyo. Mmeanza na kliniki, endeleeni nayo.

Kutokula nyama hakuna neno. Mmezaliwa hivyo, na mtu anapona vizuri bila kipande cha kuku. Lakini maziwa na samli aliyaacha akiwa tayari anaumwa, kwa hiyo hayo yanarudi. Kanuni ninayoitumia: anarudi kula alichokuwa akila miaka miwili kabla ya maradhi. Akipona, na akiwa na miaka 20, akataka kuacha maziwa kwa ajili ya ng'ombe, nitamsikiliza kwa heshima zote. Waombe pia wapime vitamini B12 na madini ya chuma, maana kwa wasiokula nyama hupungua mapema.

Mezani pakoje? Wewe ndiye unayepakua, yeye hapakui wala haingii jikoni kuchungulia mafuta. Hakuna mjadala wa kiasi baada ya sahani kutua. Sauti ya chini, maneno machache, yale yale: "Najua inakutisha. Kula. Niko hapa." Zungumzeni harusi, tamthilia, kriketi, chochote kisicho chakula wala mwili. Akigoma dakika arobaini, usimhubirie dhambi ya kutupa chakula wala watoto wenye njaa duniani. Tayari anajiona ana dhambi ya kuishi. Baada ya mlo kaeni pamoja kama saa moja, na chooni asiende peke yake muda huo ikiwa mna wasiwasi anatapika. Siku ya kwanza itakuwa vita. Ya kumi pia, huenda. Mume wako asiingie katikati kupatanisha kwa "basi, mwache ale nusu". Nusu ya leo kesho ni robo.

Sukari ya baba mkwe sasa. Kwa watu wa asili ya Asia Kusini kisukari huja mapema na kwa uzito mdogo. Ndiyo maana wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2004, walipendekeza tahadhari kwa Waasia ianzie kipimo cha 23 cha uwiano wa uzito na urefu badala ya 25. Hesabu hiyo ni ya watu wazima na ya sukari. Kwa msichana wa miaka 17 anayezimia haina kazi, na mtu yeyote atakayemwambia "lakini usipitilize, sukari iko kwenye ukoo" azuiliwe mlangoni, hata akiwa daktari. Babu ale chakula chake cha sukari, binti ale chake cha kupona, meza ile ile. Mizani ya uzito itoke bafuni, na glukomita ya babu ikae chumbani kwake. Mazungumzo ya wanga nayo yahamie huko huko.

Kuhusu Ba nataka niende taratibu, na kwa kuwa ni wa Jinja huenda akaisoma barua hii mwenyewe. Shikamoo Ba. Mwaka ule Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na halmashauri ya Leicester ikatangaza kwenye gazeti la Uganda kwamba wasije, mji umejaa. Wakaja. Mtu aliyefika na sanduku moja, akalea watoto kwa zamu za kiwandani na mshahara wa kubana, hawezi kwa urahisi kumwelewa mjukuu anayesukuma sahani iliyojaa. Usibishane naye juu ya jicho. Akitaka kumzungushia pilipili na chumvi, na bibi zangu wa Tanga walifanya vivyo hivyo, azungushe, achome, amalize, na sahani iwe mezani kwa saa yake. Mpe kazi ambayo mwingine hawezi: yeye ndiye amwambie mjukuu kwamba mwaka huu hakuna vrat, yaani mfungo, na kwamba yeye Ba ndiye aliyemfungulia. Neno hilo likitoka kwako ni la mama mwenye wasiwasi. Likitoka kwake lina uzito wa dini. Ila asiende mbali zaidi, asimwambie kula ni ibada au Mungu atakasirika. Mtoto huyu ameshamfanya Mungu kiboko. Sitaki tumkabidhi kingine.

Mume wako anakosea, lakini hofu yake si ya kipuuzi. "Loko shu kaheshe", watu watasemaje, si msemo tu. Katika ukoo wenye kuoana kwa kujuana, habari ya ugonjwa wa akili kwa mdogo huulizwa kwenye posa ya mkubwa, mimi na wewe tunalijua hilo. Pwani tuna neno stara, naomba mlitumie hili badala ya siri. Kumsitiri mtoto ni kuchagua nani ajue na kwa nini. Kumficha ni kumnyima tiba ili jirani asione gari la kliniki. Kaeni wawili, mtaje watu watatu au wanne wanaohitaji kujua kwa sababu watakaa naye mezani: Ba, babu, binti mkubwa, labda masi mmoja, yaani dada yako, mwenye kifua cha kutunza siri. Shule nayo ijue, maana kuna chakula cha mchana pale. Hao wengine waambieni moja: "Alikuwa na upungufu, daktari amempangia chakula, ametuomba tusizungumzie sahani yake." Si uongo, na inatosha. Huyo binti mkubwa mwulizeni na yeye. Nimeona zaidi ya mara moja wazazi wakificha kwa ajili ya dada, na dada mwenyewe alikuwa wa kwanza kutaka mdogo wake atibiwe.

Kama mnachohofia ni kuvuja kutoka kliniki, semeni wazi. Mnaweza kuomba daktari asiye wa jamii yenu. Kwa Ba mtahitaji mkalimani, na mnaweza kuomba wa simu kutoka mji mwingine. Hutolewa bila malipo. Binti yako asikalimani maradhi yake mwenyewe kwa bibi yake, wala dada yake asifanywe mkalimani.

Shangazi wanaomsifu wembamba watageuka. Akianza kupona watasema kinyume, kwa nia njema ile ile: umejaa, umenawiri, uso umerudi. Sisi wa pwani ndio wabaya zaidi, tunamsalimu mtu "umenenepa!" kama hongera. Kwa binti huyu ni kisu. Waambieni kabla, wewe kwa upande wako na mume kwa upande wake, kwamba mwili wake hautajwi, kwa sifa wala kwa lawama. Kuna kaki, mke wa baba mdogo, atakayesahau. Hapo wewe ndiye ubadilishe mazungumzo mbele ya watu, binti akuone unamkinga.

Zipo siku za kutosubiri miadi. Akizimia tena, akilalamika kifua au moyo kuruka, akishindwa kuinuka kutoka kuchuchumaa bila kushika kitu, akikataa hata maji, akitapika damu, akichanganyikiwa, au akisema hataki kuishi, ni 999 au idara ya dharura, bila kumpigia simu kwanza mtu wa ukoo. Waambie pale pale kwamba ana anoreksia, wasimtazame kwa umbo tu. Kutapika na dawa za kuharisha hushusha potasiamu, na moyo unaweza kusimama kwa mtu ambaye kwa macho haonekani mgonjwa.

Jambo moja ambalo hukuuliza: mwaka ujao anatimiza 18. Kliniki ya vijana itamwachia, ya watu wazima itampokea, na huko yeye ndiye atakayeamua nani aambiwe nini. Wagonjwa wengi hupotea katika uvukaji huo, hasa wakihamia chuo mji mwingine mwezi Septemba. Uliza sasa, mapema hivi, nani atamkabidhi kwa nani. Ikiwa mwaka ujao bado hawezi kula mlo mzima bila mtu kando, chuo kingoje mwaka. Najua kwenu mwaka wa masomo ni mali. Uzito hurudi kabla ya akili, na mwaka wa kwanza baada ya uzito kurudi ndio watu hulegeza kamba.

Kwa ndugu zako waliobaki Mombasa wanaoweza kukutana na hili: waanzie kwa daktari wa kawaida, waombe mapigo akiwa amelala na amesimama, kipimo cha umeme wa moyo, potasiamu na fosfati, halafu mtaalamu wa afya ya akili. Wasiridhike na "ni utoto, atakua". Na wasidhani ni wasichana peke yao. Mvulana anayekula mayai na kunyanyua vyuma saa nne kwa siku naye aulizwe.

Sasa rotli. Ba ana nia nzuri, lakini kwa sasa usikubali. Wewe ni mwanamke wa Kigujarati, unajua nani hula wa mwisho: yule anayesukuma. Anatoa moja moto, anapeleka mezani, anarudi, anatoa nyingine, na wote wakishiba hakuna anayejua kama yeye alikula. Anasimama kando ya tava, kikaango cha rotli, anasema "nimeonja humu humu". Hakuna mahali pazuri pa kujificha kama hapo, na vijana wa Minnesota wamekwisha kutufundisha kwamba mwenye njaa huzama kwenye mambo ya mapishi. Kwa miezi hii binti aketi wa kwanza. Rotli ya kwanza kutoka kwenye tava, iliyofura, iliyopakwa samli, iende kwake, kabla ya baba na kabla ya babu. Najua hilo litapindua desturi ya nyumba. Mwambie Ba ndiye aipeleke. Na wewe pia uketi, dada. Anakutazama. Mwache mume wako ajifunze kuzigeuza.